Bunduki na Bega Lake: Habari za Gobore, Marisau na Shabaha katika Pwani ya Mkwaja

Ndugu zangu, wanafunzi wenzangu wa zamani, jarida letu hupenda kukumbuka walimu, mechi za mpira na uji wa bweni, na ni vizuri. Safari hii naomba kurasa chache nieleze habari za chombo ambacho hakikuwa na somo lake, ijapokuwa jina lake lilitajwa karibu kila tulipofungua kitabu cha historia. Chombo chenyewe ni bunduki.

Tulipofika kwenye vita vya pwani vya 1888 hadi 1890 tulifundishwa ya kwamba Abushiri bin Salim na Bwana Heri bin Juma walishindwa kwa sababu Wajerumani walikuwa na silaha bora. Aliyeandika hivyo katika mtihani alipata alama zake. Lakini pwani yetu haikukosa bunduki, zilikuwa tele. Kilichokosekana ni kitu kingine, ambacho mtu hukitambua siku anapoweka kitako begani, akamlenga kanga anayeruka mbele yake, akafyatua, na kanga akaendelea na safari yake. Bunduki ile haikuwa yake. Sisemi habari ya leseni. Nasema haikuwa ya urefu wa mkono wake, wala ya shingo yake, wala ya jicho lake.

Kwa wale ambao hawajapata kufika, Mkwaja ni kijiji cha pwani katika wilaya ya Pangani, baina ya mji wa Pangani ulio kaskazini na Saadani iliyo kusini. Mbele yake ni bahari na ng'ambo ya bahari ni Unguja. Nyuma yake ni mbuga na vichaka vinavyokwenda mpaka bara. Pangani na Saadani zilikuwa bandari za misafara. Pembe ziliteremka, nguo na baruti zikapanda. Watu wa Mkwaja walikaa katikati ya biashara hiyo, na bunduki zilizoingia pwani hii ziliwafikia kama zilivyowafikia jirani zao.

Ziliingia ngapi? Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwapo Unguja, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake ya kwamba bunduki zinazoingia sehemu hizi ni kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Hata tukisema balozi alitia chumvi, akapunguziwa nusu, bado ni bunduki nyingi mno. Zilitoka wapi zote hizo? Jibu liko Ulaya. Katika miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya huko yaliacha bunduki za kushindilia kwa mdomo, yakachukua zile zinazopakiwa risasi kwa nyuma. Maghala yakabaki yamejaa bunduki kuukuu ambazo hakuna askari aliyezitaka. Wafanyabiashara wakazinunua kwa bei ya chuma chakavu, na viwanda vya Birmingham na Liège vikaendelea kuunda nyingine za namna hiyo hiyo, za bei rahisi, kwa ajili ya kuuzwa Afrika tu. Ndizo zilizopata majina mengi katika lugha yetu: gobore, korofindo, gumegume.

Hilo la mwisho lina kichekesho chake. Gumegume ni lile jiwe la kutoa cheche, na bunduki ya gumegume ni ile ambayo jiwe lake hugonga chuma, cheche zikaangukia baruti iliyo kwenye kifa, yaani kile kikombe kidogo kando ya mtutu, na moto ukapenya ndani. Leo kina mama wa mjini wakimwita mwanamume gumegume, hawamsifu. Kamusi zinazo maana zote mbili, ya bunduki na ya mtu asiyefaa kitu, nami nikizitazama pamoja naona jirani hao wawili wanafahamiana vizuri.

Sasa tuitazame bunduki yenyewe. Waingereza walikuwa na bunduki moja ya jeshi iliyoundwa kwa maelfu wakati wa vita vyao na Napoleon. Mtutu wake ulikuwa wa inchi 39, karibu mita nzima, tundu lake milimita 19, na uzito wake zaidi ya kilo 4. Tundu lilikuwa laini, halina mifuo ya kuizungusha risasi. Nyuma hapakuwa na alama ya kulengea. Mbele palikuwa na kijichuma kidogo cha kushikia singe. Urefu wa kitako ulikuwa mmoja kwa jeshi zima. Fundi aliyekichonga hakumfikiria mtu mmoja. Alifikiria safu ya watu mia wamesimama bega kwa bega, wakipiga kwa pamoja safu nyingine iliyo hatua themanini au mia mbele yao. Katika vita vya namna hiyo mtu mmoja akikosa haidhuru, kwa kuwa jirani yake atapata.

Chombo cha namna hii kikaja pwani ya Mrima, mahali ambapo hakuna safu ya watu mia, ila mtu mmoja na nguruwe wake shambani, au mtu mmoja na adui yake nyuma ya mbuyu. Hapo nadhani ndipo historia ya shabaha yetu ilipopinda. Kwa kuwa bunduki haikumfaa mtu kwa kulenga, ilimfaa kwa mambo mengine. Ililia. Msafara ulipokaribia mji, bunduki zililia. Harusini zililia, mwezi wa Idi ulipoandama zililia, na mtu mkubwa alijulikana kwa idadi ya bunduki zilizomfuata katika ngoma. Mwenye kutaka mlio hutia baruti kwa wingi, na baruti ikizidi kitako hurudi nyuma kama teke la punda. Mtu mwenye akili haweki punda begani. Hushika bunduki kiunoni au hunyosha mikono, hugeuza uso pembeni cheche zisimwingie machoni, kisha hufyatua. Wasafiri wa Kizungu waliyaona hayo wakayaandika kwa dharau, kana kwamba Mwafrika hakujaliwa kulenga. Mimi naona aliyefanya hivyo aliijua bunduki yake kuliko wao.

Mwezi Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ilichukua utawala wa forodha za pwani kwa mkataba wake na Sultani Khalifa, na huko Pangani wakala wake, Emil von Zelewski, alifanya ufedhuli wake ambao kila mwanafunzi wa Tanga anaujua. Mwezi uliofuata pwani yote ilikuwa imewaka. Mwaka 1889 Bismarck alimleta Hermann von Wissmann na askari walioandikwa Misri, wengi wao Wasudani, na wengine kutoka Msumbiji walioitwa Wazulu. Walipewa bunduki za Mauser za mwaka 1871, na nyuma yao palikuwa na mizinga na manowari. Saadani ilipigwa mwezi Juni, Pangani na Tanga zikachukuliwa Julai, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani.

Mauser ile nayo haikupimwa begani mwa Msudani yeyote. Ilikuwa ya urefu mmoja kama gobore lilivyokuwa. Lakini ilikuwa na alama za kulengea mbele na nyuma, ilikuwa na mifuo, risasi yake ilipakiwa kwa nyuma na kiasi cha baruti kilikuwa kimekwisha kupimwa kiwandani, kwa hiyo teke lake lilikuwa lile lile kila siku. Askari aliweza kupakia amelala chini. Mwenye gobore alikuwa hana budi kusimama au kupiga magoti, amimine baruti, ashindilie kwa mdeki, atie risasi, ashindilie tena, ndipo aangalie kifa chake. Aliyezoea alipiga mara mbili au tatu kwa dakika, na katika muda huo kifua chake kilikuwa wazi. Zaidi ya hayo askari alifanyishwa mazoezi ya kila siku mpaka mwili wake ukakubali chombo. Bunduki haikupimwa kwa mtu. Mtu alipimwa kwa bunduki.

Sasa angalieni jambo moja lililotokea upande wa pili wa vita hivyo, kwa maana halipewi nafasi yake. Bwana Heri, aliyekuwa mkuu wa Saadani, alijenga boma la miti huko Mlembule, ndani kidogo kutoka pwani. Mwisho wa Desemba 1889 kikosi cha Wajerumani kililishambulia, kikarudishwa nyuma. Mapema Januari 1890 Wissmann alikwenda mwenyewe na watu wengi zaidi na mizinga, ndipo boma likaanguka. Magobore yaliyorudisha kikosi cha kwanza ni yale yale yaliyokuwa yakiitwa takataka. Tofauti ni kwamba nyuma ya boma bunduki huegemezwa juu ya mti. Uzito wa mtutu unabebwa na ukuta, mkono hautetemeki, mtu anaweza kuinamisha kichwa mpaka jicho lifuate mtutu, na adui anakuja kwa njia inayojulikana. Boma lilifanya kazi ambayo kitako kilishindwa kuifanya. Bwana Heri alipofanya amani mwezi Aprili 1890, hakuwa mtu aliyeshindwa kulenga.

Vita vilipokwisha, mambo ya bunduki yaliamuliwa mbali na hapa. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba huko Brussels, uliosemekana ni wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Katika sehemu ya Afrika iliyo baina ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya Ikweta, ilikatazwa kuingiza bunduki za mifuo na za kisasa, isipokuwa kwa majeshi ya serikali na kwa watu waliopewa idhini. Kilichoruhusiwa kuuzwa, tena kutoka ghala la serikali na kwa kibali, ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo pamoja na baruti ya kawaida. Someni tena hayo. Ulaya ilikuwa imeliacha gumegume kwa zaidi ya miaka arobaini, na sasa likawa ndiyo silaha halali ya Mwafrika kwa sheria ya mataifa. Watu wakisema kwamba babu zetu waling'ang'ania gobore kwa ushamba, waambieni wakausome mkataba huo.

Wissmann alirudi kuwa gavana mwaka 1895, na mwaka 1896 alitoa amri ya kuhifadhi wanyama na kuwataka wawindaji wawe na vibali. Huyo ndiye aliyelivunja boma la Mlembule. Baada ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 bunduki nyingi zilikusanywa katika wilaya zilizopigana. Waingereza walipokuja hawakubadili sana: Mzungu alikuwa na raifo na bunduki ya marisau, Mwafrika kwa sehemu kubwa alibaki na gobore lililoandikishwa boma. Sitakaa hapa, maana habari hii inafanana kila mahali katika Tanganyika.

Bunduki ya marisau, ambayo vijana wanaiita shotigani, ilikuja Tanga na watu wa mkonge. Ni bunduki ya mtutu laini, mara nyingi mitutu miwili, na ndani ya kiasi chake kimoja mna punje nyingi za risasi badala ya moja. Ukubwa wake hutajwa kwa hesabu ya kale: namba 12 maana yake ni kwamba tundu la mtutu linaenea gololi moja ya risasi ambayo kumi na mbili kama hiyo zina uzito wa ratili moja. Ndiyo maana namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12, jambo linalowababaisha wanunuzi wengi. Kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja mwanzoni mwa miaka ya 1950, eneo la kilomita za mraba 462, wakapigana na mbung'o na vichaka kwa karibu miaka hamsini, kisha wakaifunga mwaka 2000. Ardhi hiyo ilitiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005. Kwa hiyo kanga na kwale wa mbuga ile leo hawapigwi na mtu. Waliokuwa wakiwinda huko zamani hawana ruhusa tena, na uwindaji wowote nje ya hifadhi unataka leseni ya wanyamapori mbali na leseni ya bunduki.

Wengi wetu tulishika bunduki kwa mara ya kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, iwe Maramba au kambi nyingine. Kila mtu alipewa ile ile, mrefu kwa mfupi. Tukafundishwa kulala, kutuliza pumzi, kulinganisha alama ya nyuma na ya mbele, na kubana kifyatulio polepole mpaka mlio ukushtue mwenyewe. Ni mafundisho mazuri kabisa kwa raifo. Lakini baadhi yetu tumestaafu, tumerudi mashambani Pangani, Kipumbwi na Mkwaja, na wachache wameomba leseni ya bunduki ya marisau ili kulinda mahindi na mihogo dhidi ya ngiri na nyani. Nao wanaitumia kama raifo ya jeshi. Wanafumba jicho moja, wanautazama mtutu, wanatulia, wanabana. Kitu kinachokimbia hakiwangoji. Tena hapa si habari ya kukosa tu. Mnyama aliyejeruhiwa akaingia kichakani ni hatari kwa mtoto atakayekwenda kuokota kuni kesho yake, na punje zilizomkosa zinaendelea mbele kutafuta mtu.

Bunduki ya marisau haina alama ya nyuma. Alama yake ya nyuma ni jicho lako mwenyewe. Ukilielewa hili umeelewa nusu ya mambo yote, kwa sababu jicho halikutiwa skrubu mahali pamoja. Linakaa mahali ambapo shavu litaliweka, na shavu linakaa mahali ambapo kitako kitaliruhusu. Jicho likiwa juu mno, marisau yatapita juu. Likiwa kushoto ya mstari wa mtutu, yatakwenda kushoto. Kwa hiyo kitako kisichokufaa ni sawasawa na raifo ambayo mtu ameipiga nyundo alama yake ya nyuma.

Kwanza jua jicho lako kubwa. Nyosha mkono, onyesha kwa kidole kitu kilicho mbali, mathalani ncha ya mnazi, macho yote mawili yakiwa wazi. Fumba la kushoto. Kidole kikibaki palepale, jicho la kulia ndilo bwana. Kikiruka pembeni, bwana ni la kushoto, na wewe unayeweka bunduki bega la kulia utakuwa ukikosa maisha yako yote bila kujua sababu. Dawa yake ni kuhamia bega la kushoto, au kufumba jicho la kushoto wakati wa kupiga. La kwanza ni bora kama bado u kijana.

Kisha urefu. Wauzaji wengi hukuambia uweke kitako katika kiwiko, na kidole kikifika kwenye kifyatulio basi inakufaa. Kipimo hicho ni rahisi na hakitoshi, maana hakisemi kitu juu ya shingo wala upana wa mabega. Afadhali hiki: hakikisha kwamba bunduki haina kitu ndani, ilete begani kama unayetaka kupiga, kisha mwenzako atazame umbali baina ya kidole gumba chako na pua. Vidole viwili au vitatu vya upana vinatosha. Ikiwa gumba linagusa pua, kitako ni kifupi, na siku ya kupiga utatokwa damu. Ikiwa kitako kinakwama kwapani unapokiinua, ni kirefu. Bunduki za viwandani mara nyingi huwa na kama inchi 14 na robo, karibu sentimita 36, kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Kumbukeni pia ya kwamba bunduki kuukuu iliyopimwa kwa mtu wa Ulaya ilipimwa juu ya koti zito la baridi. Sisi tunapiga na shati. Mara nyingi tunahitaji kuongeza, nako ni kazi ya kipande cha mpira nyuma ya kitako.

Urefu ni jambo dogo ukilinganisha na kimo cha mgongo wa kitako, mahali linapolala shavu. Ukiwa chini mno, jicho linajificha nyuma ya chuma na mtu hulazimika kuinua kichwa. Kichwa kikiinuka shavu linaelea, na jicho linaloelea ni alama inayotembea. Shavu nono na shavu lililobonyea hayawezi kushirikiana kitako kimoja, hata kama wenye mashavu hayo ni ndugu wa tumbo moja. Halafu kuna kupinda. Ukiitazama bunduki nzuri kutoka juu, kitako chake hakifuati mtutu moja kwa moja; kimepinda kidogo kwenda kulia kwa anayetumia bega la kulia, ili jicho lipate kuja katikati. Mwenye kutumia bega la kushoto akinunua bunduki hiyo, mpindo ule unamfukuza.

Mafundi wa Birmingham na London waliunda bunduki ya kupimia mwishoni mwa karne ya 19, yenye bawaba na skrubu katika kitako, wakawa wanairefusha na kuipinda mpaka imkubali mteja, ndipo wanachonga kitako cha mti kwa vipimo hivyo. Kazi hiyo ilikuwa kwa matajiri. Lakini hesabu yake si ya tajiri peke yake. Kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, wenye kingo ya udongo nyuma, tundika nguo nyeupe pana yenye alama katikati, na simama yadi 16, yaani mita 14 na nusu. Inua bunduki, tazama alama, piga mara moja bila kulenga kwa raifo. Rudia mara nne au tano. Utaona katikati ya matundu ni wapi. Kutoka jicho hadi mdomo wa mtutu ni kama yadi moja, na kutoka hapo hadi kwenye nguo ni kumi na sita; basi kila sentimita 16 za kukosea kwenye nguo ni sentimita moja ya kurekebisha kitakoni. Huo ni uwiano wa pembetatu ambao sote tuliufanya Kidato cha Pili tukiuliza utatufaa nini.

Mchezo wa visahani ndio uliofanya watu wayapime mambo haya kwa makini. Waingereza wa zamani waliweka njiwa hai ndani ya masanduku, sanduku likifunguliwa ghafla njiwa akiruka mbele ya mpigaji. Masanduku yale waliyaita mitego, na mchezo ukabaki na jina hilo. Mwaka 1880 Mmarekani George Ligowsky wa Cincinnati alitengeneza kisahani cha udongo badala ya njiwa. Siku hizi kisahani si udongo, ni mchanganyiko wa lami na chokaa, kina upana wa sentimita 11 na uzito wa gramu 105. Katika Olimpiki mashine 15 zimefichwa handakini, mita 15 mbele ya vituo vitano vya wapigaji, na kiasi kimoja hakiruhusiwi kuzidi gramu 24 za marisau. Kisahani hutoka kikienda mbele na kupaa, bila mpigaji kujua kitaelekea wapi. Ni kanga wa Mkwaja kabisa, anayekurupuka miguuni pako na kukupa mgongo.

Mpigaji wa visahani huweka mguu wa mbele, uzito ukiegemea mbele kidogo, shavu limekwisha tua kitakoni kabla hajaita. Hatazami mtutu, hutazama juu ya handaki, mbali, na kisahani kikitokea huzungusha kiuno na mabega kwa pamoja, hufyatua bunduki ikiwa ingali inakwenda. Akisimamisha mtutu ili alenge vizuri, amekosa. Watu wa Ghuba, wengi wao jamaa za jamaa zetu, wamefika mbali katika michezo hii. Ahmed Al Maktoum wa Falme za Kiarabu alipata dhahabu ya visahani viwili kwa pamoja huko Athens mwaka 2004, na Fehaid Al-Deehani wa Kuwait alipata shaba ya visahani London mwaka 2012.

Lakini tahadharini na bunduki ya mchezo huo ikiuzwa kuukuu. Mgongo wa kitako chake umeinuliwa makusudi ili marisau yapite juu kidogo, kwa kuwa kisahani kinapaa. Mkulima akiitumia kwa ngiri anayekimbia chini ya mihogo, atakata majani ya mihogo. Tena marisau ya ndege hayamwui ngiri. Yanamtia vidonda tu.

Na gobore? Mafundi wa vijijini wangali wakiyaunda, mtutu ukiwa bomba la maji au chuma cha usukani wa gari, na polisi wangali wakiyakamata. Ni kosa la jinai, na bomba la maji halikuundwa kuzuia baruti. Likipasuka hupasukia uso wa mwenyewe. Hata hivyo fundi huyo huchonga kitako kwa mkono, kimoja kimoja, na anaweza kukilinganisha na mteja aliyesimama mbele yake, jambo ambalo kiwanda cha Birmingham hakikumfanyia mtu yeyote wa pwani hii kwa miaka mia.

Limebaki moja, nalo linatuhusu kwa umri wetu. Bunduki hairithiwi kama shamba la minazi. Mwenye leseni akifariki hupelekwa polisi, na mrithi anayeitaka huomba leseni kwa jina lake mwenyewe chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015. Andikeni jambo hilo katika wosia, wajane wasije wakasumbuliwa kwa chuma kilichofichwa darini. Na kijana akiipata kwa halali, asianze kuipiga siku hiyo hiyo kwa sababu ilikuwa ya baba. Aipime shavuni kwanza, maana baba alikuwa mfupi, na mpira ule wa nyuma ya kitako una skrubu mbili tu.